Nimefuta barua za maji Ubaruku

Leo nimeumbuka, jamani.

Mnajua ninavyojisifu kwamba kompyuta nimezianza kabla hamjazaliwa.

Mpwa wangu Tumaini ni katibu wa wakulima wa mpunga hapa Ubaruku. Barua pepe anazisomea kwenye kioo cheusi cha kompyuta, kwa kuandika amri tu. Alipotoka kufuata chai, nikawaonyesha wakulima waliokuwa wanasubiri jinsi wataalamu tunavyosafisha.

Nikaandika d, yaani futa, nikaweka nyota, yaani zote. Orodha yote ikapotea. Wakanipigia makofi!

Tumaini akarudi, akashika kichwa.

"Mjomba, hayo ni maombi ya zamu za maji! Ila kama hujafunga programu, nayarudisha."

"Nimefunga mwanangu, tena vizuri kabisa."

"Ukifunga vizuri ndiyo yanafutika kweli!"

Na maji yanagawiwa kesho. Akanipa simu niwapigie wenyeviti wa vikundi, mmoja mmoja, watume upya.

Wa kwanza ni baba mkwe wangu. Siku ya mahari nilimwambia mimi ni mtaalamu wa kompyuta.

Nikakiri yote. Akanijibu:

"Basi shika kalamu na karatasi, mkwe, nikutajie maombi yetu. Hivyo unavijua?"

Jumapili nimealikwa kwake. Niende, au nisingizie malaria?