Mwendesha Kreni na Yavuyavu wa Kina Kirefu

Tarehe 14 Juni 2019, siku ya Ijumaa, mwendesha kreni wa bandarini mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja alipokea cheti cha kuendesha roboti za chini ya bahari. Katika darasa zima alikuwa mwanamke peke yake na, kwa maneno yake mwenyewe, "bibi wa kikosi". Melini wanamwita Mama Kreni, naye hajawahi kuwakataza.

Anafanyia kazi ndani ya kontena lisilo na dirisha, lililofungwa kwenye sitaha ya meli ya utafiti. Kiyoyozi ni kikali, kwa hiyo huvaa sweta hata jua likiwa la utosi. Mbele yake kuna skrini na vishikio viwili. Roboti yenyewe, kubwa kama gari dogo, iko zaidi ya mita elfu moja chini, ikining'inia kwenye kebo. Wanasayansi wanaokaa nyuma yake wanatafuta yavuyavu, yule mnyama laini kama ute wa yai ambaye wengi wetu tunamjua kwa kutuwasha miguu ufukweni. Wa kina kirefu hawavuliwi kwa wavu. Wavu huwafikisha juu wakiwa rojo. Lazima wafuatwe kwao na watazamwe wakiwa hai, tena kwa taa nyekundu, kwa kuwa wanyama wengi wa kule hawaioni rangi hiyo.

Mwaka jana alimuua mmoja. Hatafuti neno laini zaidi ya hilo.

Alikuwa wa zambarau iliyokolea, na profesa anayeongoza utafiti hakuwahi kumwona wa namna ile popote. Akaelea mpaka karibu kabisa na kioo cha kamera. Mama Kreni akafanya kile alichokifanya miaka yote bandarini mzigo unapokaribia ukuta: akarudi nyuma. Kreni ikirudi nyuma, mzigo unapona. Roboti ikirudi nyuma, mapangaboi yake husukuma maji mbele. Yavuyavu akachanika vipande vipande, watu wote wanatazama.

Profesa ni mtu mpole, hakupaza sauti. Alisema tu kwamba safari ijayo Mama Kreni atapewa nafasi moja. Ikiharibika, kiti kitakuwa cha rubani mwenzake wa roboti, na yeye atahamia kwenye kuangalia kebo.

"Angenitukana ningelala vizuri zaidi," anasema.

Nyumbani anaishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani ambaye mdomo wake ni mkali kuliko mkasi.

"Yaani wifi, umeacha kreni yako ya heshima ukaenda kukoroga ute wa mayai baharini?"

"Cheka, cheka. Lakini nipe hivyo vitambaa vyako vyepesi."

"Vya shela? Hivi ni vya bibi harusi wa watu!"

"Vipande tu, wifi. Shela nzima ya nini, na bwana mwenyewe sina?"

Vipande hivyo alivifunga kwa uzi ndani ya bwawa la majaribio la taasisi yao ya utafiti, vielee mfano wa yavuyavu. Kwanza roboti ilisawazishwa kwa vyuma na maboya, isizame wala isipande. Kisha akawa anaielekeza kwenye kitambaa, anazima mapangaboi mapema na kuiacha imalizie mwendo wake yenyewe mpaka isimame. Kitambaa kikitikisika, ameshindwa. Kilitikisika asubuhi baada ya asubuhi. Kichwa kilishaelewa, mkono wa kulia ndio uliogoma. Kila kitambaa kilipojaa kwenye skrini, ulikuwa umeshavuta kishikio kabla hajauambia kitu.

"Mama Kreni, hicho kitambaa kimeshakujua," rubani mwenzake alimtania. "Ukiingia tu kinatetemeka."

"Kitakuzoea na wewe. Kesho zamu yako."

Mwishowe akaukalia mkono. Akishazima mapangaboi, aliuweka chini ya paja na kuubana hapo. Siku ya kwanza kufanya hivyo, kitambaa kilitulia. Aliendelea kuukalia hadi siku ya safari.

Jumatano iliyopita taa nyekundu ilimkuta yavuyavu mwingine wa zambarau. Mama Kreni alizima mapangaboi akiwa bado mbali, akaukalia mkono. Roboti ikasogea, ikapunguza, ikasimama. Yavuyavu hakusimama.

"Anakuja," profesa alisema. "Rudi kido—"

"Sirudi, Profesa."

"Anakuja kwenye kioo!"

"Namwona. Aje."

Yavuyavu akapita kando ya taa, akijikunja na kujikunjua kama mwavuli, akiwa mzima. Hapo wanasayansi wakawasha leza, utepe mwembamba wa mwanga unaochora mwili wa mnyama tabaka kwa tabaka bila kumgusa. Leza ilikuwa imefika katikati ya mwili mkondo ulipomchukua na kumpeleka gizani. Mama Kreni hakumfuata. Kumfuata kungetaka mapangaboi.

"Siku nyingine nikikwambia rudi," profesa alisema, akifuta miwani, "usinisikilize."

"Hata leo sikukusikiliza."

Nusu ya picha haitoshi kumtambulisha mnyama kuwa ni wa aina mpya. Wanasayansi wanahitaji picha kamili, na hiyo ina maana ya kumpata mwingine. Jumatatu meli inarudi eneo lilelile kumtafuta, na atakayeendesha roboti ni Mama Kreni.