Jina la Baba Mkwe Kwenye Mafaili Yaliyofutwa

Admin, nifichie jina na picha, maana wifi yangu naye yumo kwenye page hii. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Rau hapa Moshi, nimeolewa na nina mabinti wawili. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nina ofisi ya kudarizi kwa mashine: nembo za sweta za shule, majoho ya kwaya, vitambaa vya harusi na vya ubatizo. Nafanya kazi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Tangu shule nina tabia ya kuandika kila siku yaliyotokea, pamoja na tarehe, kwa hiyo haya sibahatishi.

Mwaka huu mama yangu mzazi alilazwa hospitali ya Mawenzi. Nikawa namuuguza, ofisi nikamwachia wifi. Niliporudi nikakuta flashi yenye michoro yetu yote iko tupu.

"Ilijaa virusi, wifi. Nikaifuta isije ikaua mashine."

"Sasa si ungenipigia kwanza?"

"Wifi nawe! Una mgonjwa kitandani, nikusumbue na virusi?"

Nikamwambia tu asiiguse tena, maana nilishasikia kwamba kilichofutwa huwa bado kipo mpaka kiandikwe kingine juu yake.

Nikapakua programu ya kurudisha mafaili. Ikaleta picha na nyimbo za kwaya, lakini mchoro hata mmoja haukuja. Nikasoma maelezo yake taratibu mpaka nikaelewa. Programu hulitambua faili kwa alama zake za mwanzo, ambazo ni kama saini. Saini za picha na nyimbo inazo, za mashine yetu ya kudarizi haina. Lazima uitengenezee mwenyewe, na ili uitengeneze unahitaji mafaili mazima ya aina ileile. Nikaenda eneo la Kwa Sadala, kwa rafiki yangu mwenye mashine kama yangu.

"Umekuja kuniibia michoro yangu ya maua," akanitania.

"Hayo maua yako nani anayataka? Nataka kuona yanavyoanza tu."

"Aisee! Haya chukua, ila huondoki bila kunywa mtori."

Mafaili yake yote yalianza na alama zilezile. Nikaziingiza kwenye programu kama saini mpya, nikajaribu kwenye flashi yake, ikayatambua. Nikarudi kwenye yangu. Michoro ikaanza kurudi mmoja baada ya mwingine, machozi yakanitoka kwa furaha. Mafaili yakirudi kwa njia hii yanakuja na namba tu, bila majina wala tarehe, ikabidi nifungue kila moja nilipatie jina upya.

Ndipo nikafungua mchoro nisioujua. Njiwa mweupe, neno "Ubatizo", na chini yake jina la mtoto wa kiume: jina la Kikristo, likifuatiwa na la baba mkwe wangu, kisha la ukoo. Jina la baba mkwe ni la Kichagga cha zamani. Silitaji, maana anayelijua atanijua. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Binti yangu mkubwa ana jina la mama mkwe, mdogo ana la mama yangu. La mzee bado linasubiri. Kila Desemba tukipanda mlimani kwa wakwe, mama mkwe huniuliza, "Mzee wangu huyu utamleta lini?"

Njiwa yule ni kazi ya mkono wa wifi, namjua. Na katika siku zote nilizokuwepo ofisini, sikuandika popote kuwa tulipokea kazi hiyo.

Kesho yake nikamwambia mafaili yamerudi. Hakunipongeza. Alisimamisha mashine.

"Yote?"

"Bado nayafungua."

Jioni mume wangu, ambaye sikuwa nimemwambia neno, akauliza huku anavua viatu, "Kumbe mambo ya flashi yamekaa sawa?"

"Nani kakwambia?"

"Si wewe mwenyewe?"

Sikumwambia.

Sitaki kumhukumu mume wangu. Ana mdogo wake wa kiume ambaye hajaoa, anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Mtoto anaweza kuwa wake, na wanamficha mzee, maana mzee ni mkali na ni mtu wa kanisa. Nikampigia kwa utani: "Shemeji, nasikia umetuletea mzee mdogo?" Akacheka sana, kupita utani wenyewe. "Mimi hata jiko sijavuta, shemeji! Hayo muulize bro." Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Jana mume wangu kaniambia Jumamosi tupande kwao, sisi wawili tu, watoto wabaki. Nikauliza kuna nini. "Mama ana jambo." Leo wifi amepigiwa simu na mama yake, wakaongea Kichagga chao. Mimi natoka Rombo, Kichagga chetu ni kingine, kwa hiyo wanadhani cha kwao sikisikii. Neno nililolishika vizuri ni isale. Kwa msiojua, isale ni jani ambalo mtu hukuletea akija kuomba msamaha. Ukiletewa hukatai, hata kosa liwe zito vipi. Anayekataa anaogopwa na ukoo mzima.

Huenda ni shemeji anataka kumwangukia baba yake, na mimi naitwa kushuhudia tu. Nikimuuliza mume wangu sasa, na ikawa hivyo, nitakuwa nimemwita mzinzi bure, na wifi hatutakaa tena ofisi moja. Lakini nikipanda kimya, mama mkwe akaninyooshea jani lile mbele ya mzee, itabidi nilipokee kabla sijajua ninasamehe nini, wala mama wa mtoto ni nani, wala kama mume wangu bado anakwenda kwake.

Nyie mliowahi kushikishwa isale, naomba mnijibu kabla ya Jumamosi. Nimwonyeshe mume wangu huyu njiwa tukiwa bado hapa Rau, au nipande naye hivihivi?