Kibanda cha Mbwa Kilichoingia Jikoni

Wiki iliyopita nilirudi Coon Rapids, mji wa huku Minnesota, kuwasaidia wazazi wangu kufunga vitu, maana wamepata nyumba Blaine na ile ya zamani inakwenda kwa watu wengine. Nilidhani kazi ingekuwa masanduku na vyombo tu. Kumbe kilichotushinda kilikuwa pale pale jikoni, karibu na tundu la hewa ya moto inayopasha nyumba: kibanda cha mbwa chenye paa la bati, kipana kuliko mlango. Mtu akikiona leo atajiuliza kiliingiaje. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana siku kilipoingia nilikuwepo, nikiwa na umri wa miaka kumi.

Tulikuwa wanne katika nyumba ile: Baba, Mama, mimi, na nyanya yangu mzaa baba, ambaye kwa desturi ya kwetu, mashariki ya Kongo, tulimwita Koko. Mama alifanya usafi hospitalini, Baba alipakia mizigo kwenye ghala kubwa la Shakopee. Jirani yetu, mama mtu mzima aliyeishi peke yake, alikuwa na mbwa jike, aina ya Labrador, na mwisho wa kiangazi kile akazaa watoto saba. Kila nikishuka kwenye basi la shule nilipitia kwake kwanza. Mmoja wao, mweusi, mnene, alikuwa na tabia ya kusinzia huku pua yake ingali ndani ya bakuli la chakula. Jirani akaniambia huyo angekuwa wangu, mradi wazazi wakubali na yeye mwenyewe aje aone tumejiandaaje.

Mama alikubali siku hiyo hiyo. Kazi ilikuwa kwa Koko. Yeye hakuwachukia mbwa hata kidogo, ila alijua mahali pao. Mbwa ni askari wa boma, alisema, sasa askari akilala ndani mwizi atamkuta nani nje? Tena Jumapili watu wa sala walikuwa wakija kwetu na kukaa mkekani. Aibu gani hiyo, wakute manyoya? Mbwa aje, lakini kizingiti asikivuke. Sote tuliona ana haki. Mbwa wa jirani alilala kwenye kochi, ndiyo, lakini sisi tulilichukulia hilo kuwa ni upweke wa yule mama, tukamhurumia.

Basi Baba akaanza kujenga. Hapo ndipo nilipomjua baba yangu, na nasema hivyo bila aibu. Kule kwetu alikuwa seremala wa kusifika, lakini tangu tufike Minnesota hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mbao. Msimamizi wake alimruhusu kuchukua paleti zilizovunjika, zile fremu za mbao za kuwekea mizigo. Akizileta nyumbani alizing'oa misumari, akaigonga juu ya jiwe mmoja mmoja mpaka ikanyooka, nami nikaipanga kwenye kopo la maziwa kwa urefu wake. Kisha randa ikaanza kuimba. Majani ya mti wetu yalikuwa yakidondoka mekundu, mabata bukini wakipita juu kwa makelele, na uani kunanukia mbao mbichi. Baba alipiga mluzi nyimbo za kwaya. Aliinua sakafu kutoka ardhini ili maji yasiingie, akakunja kingo za bati zisimkate mtoto wa mbwa, akapaka rangi ya kijani. Koko naye, pamoja na ukali wake, alikata kitenge chake kizuri akashona godoro, akatenga na sufuria ya kumpikia huyo mgeni bugali na samaki wadogo.

Jumamosi jirani akaja. Koko alikuwa amechoma maandazi tangu asubuhi. Yule mama alikizunguka kibanda, akapapasa mbao, akasema hajawahi kuona kazi nzuri kama ile, na Baba akatazama chini kama kijana anayesifiwa kanisani. Halafu jirani akauliza mtoto wa mbwa atalala wapi wakati wa baridi.

Mimi ndiye nilikuwa mkalimani wa nyumba. Kwa daktari, shuleni, kwenye simu, maneno yote yalipitia kwangu. Nikamtafsiria Baba swali, naye akashangaa, akaonyesha kibanda kwa nyundo. Si hapa?

Jirani aliinama kwangu. Kisha akaniambia taratibu kwamba wale watoto walizaliwa kando ya kitanda chake, na Januari ya hapa angeiweza nani, tena mdogo vile? Hangeweza kutupatia. Kulikuwa na familia nyingine inayomtaka yule mweusi, na wangekuja kesho.

Rafiki yangu, nilitamani kutafsiri vingine. Nani angejua? Lakini nilianza, nikafika katikati, nikalia, na kilio kikamalizia. Baba aliweka nyundo chini. Kwetu mtoto wa kiume haingizi ndani kitu ambacho mama yake amekikataa, hata kama nyumba ni yake. Akaniagiza nimwambie jirani asante kwa kuja. Yule mama akaondoka na maandazi yake mkononi, naye macho yamemlowa.

Koko alibaki ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Akaniuliza hiyo Januari ndani ya kibanda ingekuwa baridi ya namna gani. Nikamwambia, kama siku tuliyofika. Akatazama miguu yake. Siku ile alishuka kwenye ndege na kandambili, na mwanamke asiyemjua akavua koti lake akamvika.

Akamwita Baba. "Mwanangu, na mi nilifika huku na baridi. Hakuna mtu alinilaza inje."

Baba akaja akachutama mbele yake.

"Imbwa italala mu nyumba yake," Koko akasema. "Ila nyumba yake iingie mu yetu."

Wakajaribu mlango, kibanda kikakwama. Baba hakulalamika. Kazi ya wiki tatu aliibomoa ubao kwa ubao, akanyoosha tena kila msumari. Mimi nilikuwa nimeshamkimbilia jirani, akaja mbio na slipa za ndani, akashika mbao huku Baba akigonga. Kabla ya jua kuzama kibanda kilikuwa jikoni, na bati lake juu, lisijue mvua itatoka wapi. Mkeka wa watu wa sala ukahamishiwa upande wa pili wa nyumba.

Kesho yake mtoto wa mbwa akaja, na Koko ndiye aliyempokea mlangoni. Akampa jina Mgeni. Alisisitiza kwamba jikoni ndiyo mwisho wake. Kufika Krismasi Mgeni alikuwa analala juu ya miguu ya Koko, mkekani, katikati ya watu wa sala.

Sasa Koko hayupo. Mgeni alizeeka, ndevu zikawa nyeupe, naye akaenda. Jirani alihamia kwa binti yake, na walionunua kwake wameweka uzio mrefu. Nimeingiza kichwa kibandani nikakuta kitenge bado kiko, kimechakaa, kina manyoya meusi. Nimelia, sitakuficha. Watu wazima wa utoto wangu walijua kubadili nia bila kelele, na mimi nilidhani ni jambo jepesi.

Baba alikuja na nyundo na jiwe, akapiga magoti kwa shida, akaanza kubomoa. Aling'oa msumari wa kwanza, akauweka juu ya jiwe, akaugonga mpaka ukanyooka. Kisha wa pili. Nikamuuliza anainyoosha ya nini, na mbwa hatuna.

"Ya kukijenga tena," akasema. "Blaine jiko ni kubwa."

Nikaenda kutafuta kopo.