Pikapu Iliyomchelewesha Marehemu

Kufikia mwaka 1992, hakuna mtu mtaani Nyamirambo, Kigali, aliyeshangaa tena kumwona mwanamke akiendesha pikapu iliyojaa kreti za bia. Walioshangaa, Illuminée alikwisha kuwatukana wote. Marehemu mumewe alimwachia binti mmoja, Kaliza, na gari kuukuu la Kifaransa ambalo injini yake ilitangulia kufa kabla ya mwenyewe. Hamimu, fundi wa Biryogo, akalipandikizia injini ya Kijapani iliyotolewa kwenye basi dogo lililopinduka. Haikukaa vizuri kwenye fremu, basi akakata vipande vya tairi la lori vya kuishikilia, akaapa kwamba Mungu akipenda itatuzika sote.

Ilifanya kazi kwa muda, kisha ikaanza kuishiwa pumzi. Kwenye tambarare ilikimbia kama kawaida. Ikinusa mlima tu, ilinywea, na Illuminée alikanyaga mafuta mpaka kiatu kikagusa sakafu bila kubadilisha kitu. Na Kigali, ukiondoa milima, hapabaki mahali pa kuendeshea gari. Hamimu alibadilisha chujio la mafuta, akasafisha kabureta, akaweka plagi mpya, na kila mara aliingurumisha injini uani kwake, mahali palipo sawa kama meza, akatangaza kuwa gari iko nzima. Wenye baa aliowapelekea bia nao walikuwa na maoni yao. Wengine walisema petroli ya siku za vita ina maji. Mmoja alisema gari linataka mume. Huyo aliletewa bia zilizoanikwa juani mpaka akaomba radhi.

Ndipo akafa Viateur, mwenye baa mkubwa kuliko wote, mkubwa hata kwa mwili, ambaye jeneza lake lilitengenezwa na fundi wa makabati. Familia ikaomba pikapu ya Illuminée. Aliifagia, lakini harufu ya bia haikutoka. Melchior, mdogo wake marehemu, alisema hiyo haina neno, kaka yake atajisikia nyumbani.

Katikati ya mlima wa kwenda makaburini, gari likafanya kama lilivyozoea. Waombolezaji waliokuwa wakifuata kwa miguu wakawa sambamba nalo, kisha wakalipita. Kwaya ilimaliza wimbo, ikaurudia, ikanyamaza. Padri aliyekuwa ametangulia akarudi chini kuuliza maiti iko wapi. Illuminée akasimamisha gari, watu wakaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Hamimu alikuwamo msibani, kofia kichwani, kwa sababu ya ujirani.

“Mama Kaliza, gari iko nzima,” alianza. “Ni petroli tu.”

“Fundi, funga mdomo uingie ndani. Leo utaendesha wewe, mimi nitaangalia.”

“Na marehemu?” aliuliza Melchior.

“Marehemu ndiye peke yake hapa asiye na haraka.”

Akafungua boneti. Hamimu akakanyaga mafuta bila gia, injini ikanguruma kama ilivyonguruma uani. Kisha akaweka gia, gari likaanza kutambaa, Illuminée akitembea ubavuni na kanga ya msiba ameikunja magotini. Hapo akaona. Mzigo ulipoibana, injini nzima iliinuka upande mmoja ikalala kuelekea kwa dereva, na ule waya wa kutoka kwenye pedeli ya mafuta kwenda kwenye kabureta ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mguu wa Hamimu ulikuwa sakafuni, lakini kabureta haikuwa na habari. Illuminée akaingiza mkono, akauvuta waya mwenyewe. Pikapu ikaruka mbele, Padri akaruka mtaroni.

Kipande kimoja cha tairi kilikuwa kimechanika. Hamimu alikigusa kwa kidole. Ilibidi injini ifungwe kwenye fremu, na barabarani pale hapakuwa na kitu cha kufungia isipokuwa zile kamba mbili za kushushia jeneza. Melchior alisita. Illuminée akamwambia kwamba Viateur hakuwahi kuinyima kitu gari inayopandisha bia. Kamba moja ikafunga injini, na mlima uliobaki ulipandwa kwa kasi hata kwaya ikaimba huku ikikimbia.

Kaburini wanaume walivua mikanda wakaiunganisha badala ya kamba iliyokosekana. Viateur akashuka upande upande, na waliomshusha wakasikiliza sala huku wameshika suruali kwa mikono. Padri, mwenye matope mpaka magotini, aliifupisha. Illuminée alicheka, halafu akajikuta analia kwa sauti, maana kila asubuhi aligombana na mtu yule mlangoni mwa baa yake, na kesho hapangekuwa na wa kugombana naye.

Hamimu alitengeneza vishikizo vipya vya injini, vyenye bolti zinazopita katikati ya mpira. Safari hii alivijaribu kwenye mlima wa Muhima, kreti zikiwa zimejaa nyuma na Illuminée ameketi pembeni yake. Walipanda mpaka juu bila gari kulegea. Njia nzima mama yule hakusema kitu, na hilo lilimtisha fundi kuliko matusi.