Beseni la Bluu na Chanjo ya Surua

Nilifundisha kemia kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda wote huo sikumruhusu mwanafunzi yeyote aanze jibu kwa maneno "watu wanasema". Watu gani? Wamepima nini? Kwa hiyo jirani yetu wa hapa Nzuguni, mama auzaye maandazi, alipomwambia mkwe wangu kwamba mtoto anayelala karibu na dawa ya wadudu chanjo haimshiki, nilikereka kabla ya kusikia habari yenyewe hadi mwisho.

Dawa iliyosemwa ilikuwa yangu. Kila baada ya mavuno ya shamba letu la Buigiri mimi huchanganya mahindi na ule unga wa kuzuia dumuzi, kisha huyapanga magunia chumbani kwangu hadi usawa wa dirisha, kwa kuwa siamini ghala nisiloliona. Mjukuu wangu hulala humo mchana.

Alikuwa ametimiza miezi kumi na minane, na siku ya chanjo ya pili ya surua ilikuwa imefika. Mama yake anafanya kazi katika wizara moja huko Mtumba na ana shahada mbili. Hata hivyo, asubuhi ile alisimama mlangoni na kadi ya kliniki mkononi.

"Baba, naona tusubiri kama mwezi hivi, ile dawa imtoke mwilini. Akichomwa sasa itakuwa kazi bure."

"Na surua umeiomba isubiri?"

"Mimi nasema nilivyosikia, baba."

"Nenda kazini. Mtoto nitampeleka mimi, na jibu nitakupa kwa maandishi."

Kliniki nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi, na bila shaka peke yangu mwenye tai, ambayo mjukuu aliitafuna mpaka zamu yetu ilipofika. Muuguzi, binti mwenye haraka, alinipa shikamoo. Niliitikia, nikafungua daftari na kumweleza maneno ya jirani, nikitarajia ayabomoe.

"Hiyo dawa mnaiweka wapi, babu?"

"Chumbani kwangu, pamoja na mahindi."

"Na mtoto analala wapi mchana?"

"Chumbani kwangu."

"Mnachanganyia kwenye nini?"

"Kwenye beseni."

"Beseni lipi?"

Nikafunga daftari. Lilikuwa la bluu, pana, lenye ukubwa unaofaa sana, na kila jioni mjukuu wangu aliogeshwa humo.

"Angalau mlilisuuza, babu?" akauliza mama mmoja wa benchini, ambaye hakuna aliyemwita.

"Lilisuuzwa kikamilifu," nikajibu, kwa sauti ileile ya wanafunzi wangu walioacha daftari nyumbani.

Benchi zima likacheka. Muuguzi hakucheka.

"Wataalamu wanalichunguza jambo hilo," alisema. "Zipo kemikali za mazingira zilizohusishwa na kinga pungufu baada ya chanjo kwa baadhi ya watoto. Kama hiyo ya mahindi yako ni mojawapo, sijui. Ninachojua ni kwamba asiyechanjwa hana hata hiyo pungufu. Hatusubiri chochote. Mshike vizuri. Ukifika nyumbani, toa magunia."

Lile "sijui" lilinishinda. Nililiomba darasani miaka yote ile, nikaishia kupewa hadithi. Nilimshika mtoto, akachomwa, akalia ipasavyo, akafuta kamasi kwenye kile kilichobaki cha tai.

Alasiri nilikuwa nikihamisha magunia kwenda banda la nyuma, jirani akinitazama kutoka kwenye karai lake la maandazi.

"Mwalimu! Kumbe nilisema kweli!"

"Ulisema nusu. Na hata hiyo nusu hukuwa na ushahidi wake."

"Nusu yanitosha. Wewe ulikuwa na ngapi?"

Nikaendelea kubeba.

Mkwe wangu aliporudi nilimpa jibu la maandishi kama nilivyoahidi: kadi ya kliniki yenye tarehe ya siku ile, na beseni la bluu, ambalo nilikuwa nimeliandika SUMU kwa rangi nyekundu. Beseni jipya lilikuwa tayari bafuni. Alisoma kadi, akashusha pumzi. Kisha akasoma beseni, akaligeuza, akalisoma tena.

"Baba, nani alikuwa anachanganyia dawa humu?"

Nikamwambia kwamba watu wanasema ni mimi.