Mzee Rula na Vinyonga wa Kantini

Saa moja na nusu asubuhi. Mtunza bustani wa chuo amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, makasi yake makubwa magotini, na hatulii. Anainuka, anaketi, anainuka tena. Pembeni yake mwanafunzi wa biolojia wa mwaka wa tatu amefungua kompyuta mpakato. Kwenye kioo kuna picha ya kinyonga wa kijani.

"Huyu je?" anauliza binti.

Mzee hamtazami kinyonga hata kidogo. Anatazama tawi. "Nyuma ya maktaba. Ona lilivyokatwa mshazari. Pale nasimama juu ya ngazi, mkono haunyooki vizuri."

Zimebaki picha tisini na moja. Saa kumi jioni ripoti ya utafiti iwe mezani kwa mhadhiri, la sivyo binti anarudia mwaka.

Wanafunzi humwita Mzee Rula, kwa kuwa michongoma yake imenyooka kama iliyopigiwa mstari. Ni karibu mita mia tisa, na ameikata kwa miaka ishirini na miwili. Jina hilo analipenda, ingawa anajifanya kulikunjia uso.

Miaka mitatu iliyopita binti yake wa kwanza alimpa simu yake kuukuu, akamwonyesha tovuti ambako mtu yeyote huweka picha za viumbe wa porini na watafiti wakazitumia bure. Mzee akanogewa. Mpaka sasa ameweka picha 286 za vinyonga.

"Mke wangu kanuna," anacheka. "Anasema simu imejaa vinyonga, yeye hana hata picha moja."

Lakini betri ya simu hiyo imechoka. Kwa hiyo kutwa huzima kila kitu isipokuwa kamera. Mchana huenda kukaa kwenye ngazi ya kantini, penye mtandao wa bure, akawasha, akatuma. Nayo tovuti ikaandika mahali simu ilipo wakati huo. Picha 261 zikasomeka zimepigwa kantini.

Mwanafunzi angejuaje? Alipakua takwimu, akachora ramani, na rasimu yake ikatangaza kwamba vinyonga wa chuo hupendelea kuishi kantini. Mhadhiri akamtuma akahakikishe kwa macho. Siku tatu nzima alizunguka ukuta wa saruji.

"Nilimkuta anapekua mapipa yangu," anasimulia mpishi mkuu. "Akasema anatafuta vinyonga. Nikamwambia, mwanangu we, hapa kinyonga angekuwa ameshakaangwa zamani! Ila kuna mzee hukaa pale kwenye ngazi, simu yake imejaa hao hao."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Binti alimfuata Rula kwenye ngazi akamweleza yote, na siku hiyo Rula hakula.

"Niliona aibu, tena aibu kubwa," anasema. "Mtu hanijui, kaniamini, halafu nimempoteza. Nikamwambia, binti, usifute hata moja. Nazijua zote."

"Mimi nilishafunga virago moyoni," anakiri mwanafunzi. "Nani anakumbuka majani?" Akamjaribu kwa zile picha 25 zilizoandikwa mahali pake sahihi. Mzee alipatia 24.

Saa saba kasorobo picha ya mwisho inapita. Kumi na tisa hakuwa na uhakika nazo, akakataa katakata kubahatisha. Zimeondolewa.

Binti anachora ramani upya. Nyuma ya maktaba, panapokatwa mara mbili tu kwa mwaka, kuna vinyonga 158. Mbele ya jengo la utawala, ambako Rula hushinda karibu kila siku na kukata kila wiki mbili, wako wanne.

Mzee anaitazama ramani muda mrefu kuliko alivyotazama picha yoyote.

"Penye kazi yangu nzuri, hawapo," anasema. "Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe kwa viumbe hawa ni mimi."

"Mzee wangu, takwimu hazijasema hivyo," binti anamtuliza. "Labda ni kivuli, labda ni wadudu. Mimi nitaandika kwamba hilo swali lipo." Anakumbatia kompyuta na kukimbilia maktaba kuandika. Ripoti itafika mezani zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili.

Rula hangoji habari hizo. Jumatatu ni zamu ya kukata mbele ya utawala, na anataka kumwona msimamizi wa bustani leo hii. Atamwomba nusu ya ua ule wa michongoma usiguswe mwaka mzima, waone kama vinyonga watarudi. Picha atapiga mwenyewe, na safari hii ataandika mahali papo hapo, betri ife ikitaka.

Anapiga hatua kuelekea ofisini, anarudi, anayaokota makasi, anayalaza tena juu ya ndoo.

"Ataniuliza kama nimezeeka," anasema. "Miaka ishirini na miwili sijawahi kuomba ruhusa ya kufanya kazi vibaya. Sijui hata nianzie wapi."