Vibiringo Hamsini na Viwili

Fundi alikuwa na siri moja tu pale mtaani, na aliyeijua ni bintiye peke yake: macho yake hayakuona tena tundu la sindano.

Cherehani haikumsumbua. Alikuwa ameikalia miaka thelathini na mitano, na aliitia uzi kwa kupapasa, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati lake gizani. Iliyomshinda ni sindano ya mkono, ile ya kupigia vifungo na kukunjia mapindo ya suruali. Angeilenga mara kumi, uzi ukapita pembeni mara kumi, na mteja amesimama papo hapo mbele ya meza.

"Mteja akijua fundi haoni," alisema, "ataanza kuona makosa hata pasipo na kosa."

Daktari wa macho alishamwambia kwamba uoni uliobaki ndio huo, autunze.

Binti ndiye aliyemtafutia njia. Alichukua kibiringo cha uzi wa kijivu, maana kijivu hujificha kwenye nguo ya karibu kila rangi, akatunga sindano ishirini mfululizo kwenye uzi uleule bila kuukata. Fundi akitaka kushona, anavuta sindano ya mbele pamoja na uzi wa urefu wa mkono, anakata, na zile kumi na tisa zinabaki zikisubiri zamu. Kibiringo kimoja kilimtosha wiki nzima. Kila Jumapili alasiri binti alitunga kingine na kukitia kwenye droo ya kulia, na Jumatatu wateja walimkuta fundi yuleyule wa siku zote.

Binti huyo mtaani walimwita Futi, kwa sababu alipokuwa mdogo hakutoka nje bila futi ya baba yake shingoni. Mama yake alifariki Futi akiwa darasa la tatu. Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, anapima wateja, anaandika vipimo, anapiga pasi, na chini ya godoro lake ana daftari.

Ndani ya daftari mlikuwa na kurasa mbili zilizochakaa kuliko nyingine. Juu ya moja aliandika "Karibu", juu ya nyingine "Mbali". Karibu ilikuwa nchi ya kuchuma zabibu: miezi mitatu, bweni la shambani, unarudi. Mbali ilikuwa nchi ya upande wa pili wa dunia, ambako kijana mwenye shanta mgongoni anaruhusiwa kukaa mwaka mzima. Msimu wa joto unachuma matunda, msimu wa baridi unatandika vitanda katika hoteli za milimani, na katikati unapanda basi unakwenda kuona unachotaka kuona. Ukurasa wa Karibu ulikuwa na mistari tisa. Ule wa Mbali ulijaa mpaka pembeni.

Karani wa wakala wa kazi za ng'ambo, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu, hakumficha kitu. "Huko mbali hawapokei aliyefikisha ishirini na nane, dada. Wewe umebakiza miezi minne. Ukichelewa, basi."

Futi alirudi nyumbani amepania kumweleza baba yake kurasa zote mbili. Walikuwa wanakunywa chai. Alianza vizuri: kazi, shanta, vijana wa nchi nyingi. Fundi akaweka kikombe chini.

"Muda gani?"

Mdomo wa Futi ukajibu kabla yake. "Miezi mitatu."

Fundi akapumua. "Miezi mitatu! Nimewahi kusubiri kitambaa zaidi ya hapo. Nenda, mwanangu, ukatembee."

Na tangu siku hiyo hakupita mteja asiyeambiwa. "Futi wangu anakwenda kuchuma zabibu. Atakaporudi atakuwa anaongea kwa pua." Wateja walicheka, na Futi, aliyekuwa anaandika vipimo, aliandika kiuno cha mtu mahali pa bega.

Alijitetea moyoni kwamba angeandika barua akishafika. Ila barua haitii uzi kwenye sindano. Ndipo alipoanza kutunga, Jumapili baada ya Jumapili, mlango wa chumba chake umefungwa: wiki hamsini na mbili, vibiringo hamsini na viwili, sindano elfu moja na arobaini.

Mwenye duka la vifungo, ambaye wote walimwita Mama Vifungo, alimkodolea macho. "Pakiti arobaini na mbili? Wewe mtoto, unakwenda kuchuma zabibu au kuzishona?"

"Ni akiba ya baba, mama."

"Akiba ya miezi mitatu? Kwani baba yako anakula sindano?"

Futi alicheka kidogo, akabeba mfuko wake, na masikio yalimwaka moto mpaka nyumbani.

Vibiringo kumi na vitatu aliviweka kwenye droo, akamwonyesha baba yake. "Vya miezi mitatu hivi." Fundi alivipapasa kimoja kimoja, akamshika bega. Vile thelathini na tisa vilivyobaki alivificha sehemu ya chini ya shanta, penye zipu ya kuwekea viatu. Siku ya safari angevisogeza nyuma ya marobota ya vitambaa, kisha barua ingesema vilipo.

Alikuwa amefikiria kila kitu, isipokuwa kwamba shanta ni kitu cha kushonwa na yeye ni binti wa fundi.

Ijumaa alipeleka fomu. Alikuwa ameandika Mbali.

"Nikituma Jumatatu saa sita mchana, hakuna kubadilisha," karani alisema. "Una hakika?"

"Nina hakika," alisema Futi, kwa sauti ambayo karani alilazimika kuinama ili aisikie.

Aliporudi alikuta shanta limelala juu ya meza ya kukatia. Mikanda yake ilikuwa imefumuliwa, mmoja tayari umeshonwa upya kwa uzi wa nta, mistari mitatu ya mshono sambamba. Kando yake vibiringo vilikuwa vimepangwa kwa safu za kumi kumi. Droo ya kulia ilikuwa wazi, tupu.

"Aliyeshona mikanda hii alikuwa na haraka ya kwenda kwao," Fundi alisema bila kuinua uso. "Nikaona nikukazie. Kaa."

Futi akakaa.

"Nimehesabu mara mbili, maana macho yangu si ya kuaminiwa. Hamsini na viwili. Wewe ndiye uliyeniambia kimoja kwa wiki. Sasa niambie, miezi mitatu ya huko ina wiki ngapi?"

Kabla Futi hajafungua mdomo, akaingia mwalimu wa jirani kuchukua suruali yake. Akaangalia meza. "Ala! Mnafungua duka la uzi?"

"Binti yangu ananiandalia," Fundi alisema, akaikunja suruali taratibu. "Nisihangaike akiwa hayupo."

"Mtoto mwema huyo, fundi. Wangu hata soksi hanifulii. Mungu akuzidishie, dada."

"Amina," Futi alisema.

Mwalimu alitoka, na hatua zake zikapotea.

"Ni mwaka," Futi alisema. "Ni mbali. Nilitaka kukwambia, baba."

"Lini?"

"Kwa barua."

Fundi alitikisa kichwa, si kwa hasira. Hasira Futi angeistahimili. "Ungeniambia mwaka, ningesema hapana."

"Ndiyo maana—"

"Ngoja. Ningesema hapana, ningekasirika, ningekataa chakula. Kesho yake ningesema nenda. Unanijua, Futi, mimi si mtu wa kukasirika siku mbili. Siku hiyo moja tu nilikuwa naidai kwako, ya kukataa kama baba. Umeninyima. Umenipa sindano."

Futi alilia bila sauti, mikono katikati ya magoti. "Jumatatu asubuhi nitakwenda nikabadilishe. Nitaandika zabibu."

"Ili miaka yangu yote iliyobaki niwe yule aliyekuzuia? Usinitwike huo." Akavuta mkanda wa pili chini ya taa. "Sijasema nenda. Nimesema usibadilishe."

Jumatatu walifanya kazi pamoja kama kawaida. Saa ya ukutani, yenye kioo kilichopasuka, ilifika tano na nusu, ikafika sita kasorobo. Miguu ya Futi ilijua njia ya kwenda juu ya duka la viatu. Ni dakika saba kwa anayekimbia. Fundi hakuitazama saa. Futi hakutazama kitu kingine. Alitaka kunyanyuka, na alitaka kwenda mbali, na hakujua aibu yake ilikuwa ya lipi. Saa sita ikapita.

"Nipe chaki," Fundi alisema.

Akampa.

Futi aliondoka baada ya wiki saba. Fundi alimsindikiza mpaka mlangoni mwa duka, akamrekebishia mikanda mabegani, akamwambia haitakatika. Kuhusu uongo wa miezi mitatu hakusema tena.

Kila Jumapili Futi alipiga simu. Fundi alimweleza habari za mtaa kwa ufupi, kisha alimalizia vilevile: "Niko kibiringo cha kumi na nne." "Niko cha ishirini." Futi aliona ziwa la bluu kama rangi ya dawa, aliona theluji, alipanda basi siku mbili mfululizo akiangalia milima. Yote yalikuwa mazuri kuliko alivyoandika kwenye daftari. Na kila lililokuwa zuri lilimfanya ahesabu wiki.

Mwezi wa saba wa safari, katika hoteli ya milimani, kifungo cha aproni yake kilikatika. Akaingiza mkono sehemu ya chini ya shanta, ambayo hakuwa ameigusa tangu nyumbani, kutafuta pini. Akatoa kibiringo cha uzi wa kijivu. Kilikuwa na sindano moja tu.

Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha ya uzi ilikuwa imetafunwa, imepakwa nta, imesokotwa na kutafunwa tena, na karibu na tundu palikuwa na fundo dogo jeusi kwa jasho la vidole. Hakuna aliyemsaidia baba yake kuitunga.

"Si una sindano hapo?" aliuliza mwenzake wa kutandika vitanda, alipoona Futi anaazima nyingine.

"Hii si ya kushonea," Futi alisema.

Jumapili alisubiri habari za mtaa ziishe. "Niko cha ishirini na tisa," Fundi alisema.

"Baba. Nimeiona sindano."

Upande wa pili mkasi uliwekwa mezani.

"Ilikuchukua muda gani, baba, kuitia uzi?"

"Siku moja," Fundi alisema. Kisha Futi akasikia cherehani ikianza kuzunguka.